Mkebe wa Mzee wa Kanduyi

Huko Kanduyi, katika wilaya ya zamani ya Bungoma, palikuwa na mzee mmoja ambaye kila jioni, akiisha kufunga ng'ombe wake, alikaa chini ya mwembe akavuta kiko. Majirani waliijua saa kwa harufu ya moshi wake.

Mzee huyo aliipenda tumbaku ya namna moja tu, naye aliianza alipokuwa karani kijana, kabla ya Uhuru wa 1963. Siku hizo iliuzwa katika mikebe ya bati iliyozibwa sawasawa, hata hewa haikupenya. Kufungua mkebe mpya kulikuwa kama karamu ndogo: kifuniko kilitoa pumzi, na harufu tamu ikajaa chumbani. Wala mkebe mtupu haukutupwa. Huu ulitiwa risiti za kodi, na ule sindano na nyuzi. Karani mwenye mkebe juu ya meza alihesabiwa kuwa mtu mstaarabu.

Miaka ikapita. Mkebe ukaondoka, ikaja pakiti ya karatasi. Karatasi nayo ikaondoka, ukaja mfuko laini wa plastiki. Kila badiliko lilimuudhi mzee. Alidai kwamba tumbaku imekuwa kavu na kali, ingawa mwenye duka aliapa kuwa ni ile ile. Basi akabuni hila: kila aliponunua tumbaku aliimimina katika mkebe wake wa zamani, akatia na ganda la kiazi ili isikauke, kisha akautupa mfuko motoni. Naye akasema ladha imerudi.

Baadaye Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 iliagiza kwamba onyo liandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili, lichukue si chini ya asilimia 30 ya uso wa mbele wa pakiti na asilimia 50 ya uso wa nyuma. Katika 2016 zikaongezwa picha za maradhi. Mzee aliendelea kumimina na kuchoma, ila sasa alifanya haraka kuliko zamani.

Jioni moja mjukuu wake, msichana wa darasa la tano, aliuokota mfuko kabla haujafika motoni, akausoma kwa sauti. Kisha akauliza, "Babu, mbona mkebe wako hauna maneno haya, na tumbaku ni ile ile?"

Mzee alinyamaza. Alikumbuka kwamba katika 1962 waganga wakuu wa London walikwisha kutangaza kuwa sigara huleta kansa ya mapafu. Yeye na makarani wenzake walicheka, wakisema mwenye kiko hamezi moshi. Hawakujua kwamba kiko nacho huleta kansa ya kinywa na ya koo. Mmoja wao alizikwa kwa maradhi ya koo. Ndipo mzee alipotambua kwamba mkebe ule haukuwa ukitunza utamu tu. Ulikuwa ukilificha onyo.

Mazoea yana taabu, wala mzee hakukitupa kiko siku ile. Lakini tangu hapo alivuta mara moja tu kwa siku, mbali na watoto, na tumbaku aliiacha katika mfuko wake, picha ikimtazama. Mkebe alimpa mjukuu, naye akausugua kwa majivu mara tatu, akatia mbegu za maharage.

Mvua za Machi zilipoanza, mzee aliufungua mkebe ili apande. Akanusa, akatikisa kichwa: harufu ilikuwa ingalimo.