Kutazama Chini

Watu wakisikia nimekula mkate kwa kutafuta vimondo, hudhani nilikuwa nikitazama angani usiku. Kazi yangu ilikuwa mchana, kitini mwa gari, kioo kimeshushwa, macho chini.

Nilianza kama dereva. Wazee wangu walihama Unguja wakaja Maskati, nami kwa Kiarabu changu na Kiingereza cha kuombea maji nikachukuliwa kuwaendesha watafiti wa kigeni hadi Jiddat al-Harasis, uwanda wa mawe ya chokaa katikati ya Oman. Hapo pamekaa kama mkeka mweupe uliotandikwa makusudi. Mvua ni haba, kwa hiyo jiwe lililoanguka makumi ya maelfu ya miaka iliyopita bado lipo juu, na weusi wake unauona kwa mbali. Magari hwenda sambamba, polepole, kila moja na upande wake.

Tatizo ni kwamba weusi wa jangwani una mambo mengi: gumegume lililobabuliwa na jua, kipande cha tairi, mavi ya ngamia. Nimeshuka garini kwa ajili ya mavi ya ngamia mara nyingi kuliko ninavyopenda kusimulia.

Likiwa ndilo, unapiga goti. Ganda lililoungua angani ni jembamba, mara nyingi halifiki milimita moja, na kwa jiwe la zamani limeshageuka hudhurungi kwa kutu. Kwenye ufa utaona vijiduara vidogo na chembe za chuma. Huligusi kwa mkono. Linapigwa picha, mahali pake panaandikwa, ndipo linaingia mfukoni. Wapo wanaokuja na sumaku kali wakijiona mafundi, kumbe sumaku inafuta usumaku wa kale ambao mtaalamu angetaka kuusoma.

Wanunuzi nao hawakukosekana. Kijana mmoja wa Kiswahili alinifuata hadi nje ya msikiti: "Mjomba, utawaachiaje wenye maabara, na mimi nalipa kwa gramu?" Nikamjibu kwamba jiwe lisilojulikana lilikookotwa limepoteza nusu ya habari zake, na kulitoa Oman bila kibali ni kesi. Akaona nimezeeka.

Lakini jiwe lililonifundisha kazi sikuliokota mimi. Januari 2002, Waswisi waliokuwa wakitafuta upande wa Sayh al Uhaymir waliokota jiwe la gramu 206 hivi. Halikuwa jeusi, lilikuwa la kijivu chenye ukijani. Maabara ikathibitisha limetoka mwezini. Dereva anayewinda weusi peke yake angelipita. Kimondo cha Mbozi kule Tanzania, chuma cha tani kama 16, hata kipofu atakigonga. Kazi iko kwa haya madogo yanayofanana na mawe ya kawaida.

Ndiyo maana vijana ninaowafundisha siku hizi siwapi ruhusa ya kutafuta kimondo mwanzoni. Wanaokota mawe ya hapo hapo, wanayapanga kwenye turubai kwa rangi na uzito, wanataja kila moja. Hununa. Mmoja, mwenye shahada, aliniuliza: "Ami, sasa haya ya kawaida tunayafanyia nini?" Nikamwambia akishamaliza turubai lake aanze la pili, maana upande wa kusini chokaa inabadilika.