Jiko la Nyumba ya Mawe, Malindi

Mwandishi wa tawasifu hii aliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwosha vyombo, katika mkahawa wa samaki na tambi uliokuwa ndani ya nyumba kongwe ya mawe karibu na ufuo wa Malindi, akastaafu hapo hapo akiwa mpishi mkuu, na anashikilia kwamba nyumba hiyo ilimfunza upishi kuliko mtu yeyote. Nyumba za aina hiyo hujengwa kwa matumbawe, yaani mawe yatokanayo na viumbe vya baharini, yakashikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa urefu wa boriti ndio uamuao upana wa chumba, vyumba huwa virefu na vyembamba, mara chache vikizidi mita 3. Kwa sababu hiyo meza zilipangwa safu moja, jiko likabaki uani, na sahani iliyokusudiwa meza ya mbele ilipita vyumba vyote kabla ya kumfikia mlaji.

Mwendo huo ulikuwa na uzito, maana tambi hazisubiri. Waswahili wa pwani, hasa katika Ramadhani, huzipika kwa tui, sukari na iliki hadi zilainike, ilhali Waitalia, waliozoeleka Malindi tangu miaka ya 1960 kilipojengwa kituo chao cha kurushia setilaiti cha San Marco karibu na Ngomeni, huziepua zingali na ugumu kidogo kwenye jino, hali waiitayo al dente. Mwandishi alizoea kuziepua mapema zaidi ya hapo, akazimalizia kikaangoni pamoja na kamba, kitunguu saumu na upawa wa maji yaliyochemshiwa tambi, ambayo wanga wake huyashika mafuta yasijitenge na mchuzi, ili ziendelee kuiva njiani na kufika mezani zikiwa sawasawa.

Nyumba nayo ilidai matunzo yake. Ukuta ulipobanduka, fundi mmoja aliuziba kwa saruji, nayo ikafungia unyevu na chumvi ndani hata plasta ikavimba na kumomonyoka. Ilibidi yote ibanduliwe na ukuta upakwe chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka. Kazi hiyo iliufunga mkahawa msimu mzima wa masika, lakini kwa maoni ya mwandishi wenye nyumba hawakuwahi kufanya uamuzi bora kuliko huo.

Upepo wa kusi, uvumao takriban Aprili hadi Septemba, ulichafua bahari na kupunguza samaki, na hapo orodha ya vyakula ilifupishwa, ikaegemea zaidi kaa koko, yaani kaa wa mikokoni. Kamba mawe, yule mkubwa asiye na magando, alipoletwa jike mwenye mayai yaliyoshikamana chini ya mkia, mwandishi hakumnunua hata meza zikiwa zimejaa, akawaeleza wavuvi kwamba mayai hayo ndiyo mavuno yao ya kesho, mpaka wakaacha kumleta.