Pombe ya Wazee Huko Kenol

Mtu atokaye Nairobi kwenda Nyeri, akiisha kuupita mji wa Thika na mashamba yake ya mananasi, hufika Kenol, mahali ambapo njia ya Murang'a huiacha njia kuu. Mji huu haukupata jina lake kwa mzee wala kwa mto, bali kwa kituo cha petroli. Kampuni yenye jina hilo ilinunuliwa na wengine mwaka 2019, lakini mji umebaki na jina lake.

Wasafiri wengi husimama hapo kwa ajili ya nyama ya kuchoma, na penye nyama bia ya chupa haikosi. Lakini msomaji akipita siku ya Jumamosi, na aangalie magari yanayoacha lami na kushika njia za udongo, yamejaa wazee waliovaa kofia na makoti, na madumu miguuni pao. Hao wanapeleka mahari, ambayo Wakikuyu huiita ruracio, na ndani ya madumu mna muratina.

Pombe hiyo hufanywa kwa maji ya miwa na asali, nayo huchachushwa kwa tunda la mwegea, tunda refu, zito, ambalo halifai kuliwa. Hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa juani. Na likiisha kufanya kazi yake huanikwa tena, maana limekwisha kushika chachu. Zamani wanaume walimenya miwa, wanawake wakaitwanga, na maji yake yakatiwa katika vibuyu vilivyowekwa karibu na moto, kwa kuwa baridi ya milimani huizuia pombe kuchachuka. Kesho yake ilikuwa tayari, tamu yenye ukali kidogo. Wala haikudumu; ikikawia iligeuka siki. Kwa hiyo mtu hakuweza kuificha akainywa peke yake siku nyingi: ilipoiva, sharti majirani waitwe.

Nao hawakuitwa ovyo. Vijana hawakuwa na ruhusa. Mzee alimwaga kidogo chini kwa ajili ya wazazi waliotangulia, kisha pembe ya ng'ombe ikapita mkono kwa mkono. Siku ya posa msichana aliitwa mbele ya wote akaulizwa kama pombe hiyo inywewe. Akiipokea, akaonja na kumpa baba yake, amekubali. Pombe yote ile, na kiu yote ya wazee, ilingoja neno la msichana mmoja!

Ni jambo la kusikitisha kwamba nchi hiyo hiyo imejua pombe ya namna nyingine. Julai 2015 serikali iliamuru pombe mbaya ziharibiwe, na mapipa mengi yakamwagwa. Hata hivyo, Februari 2024, katika kijiji cha Kangai huko Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa kwa kinywaji chenye sumu. Kinywaji cha namna hiyo huuzwa kwa bei ndogo kwa yeyote aliye na fedha, na hakuna mzee aulizaye nani anywe.

Katika maboma ya karibu na Kenol mzee bado huuliza. Binti, ambaye pengine ni mwalimu au karani wa benki, huletewa pembe, na watu hunyamaza mpaka aonje. Ndipo madumu hufunguliwa. Dereva hupewa soda, na jioni madumu matupu hurudishwa kwa wenyewe.