Ukodipo Jahazi, Mtii Nahodha Wake

Kiswahili kilizaliwa pwani, lakini Gitega na Muyinga kilifika kwa miguu. Kililetwa na misafara ya biashara iliyoshuka Ujiji, kisha na askari na wachuuzi wa zama za Wajerumani, ambao mwaka 1912 walihamishia makao yao ya utawala Gitega. Ndiyo maana hata leo dereva wa lori apitaye Muyinga kuelekea mpakani Kobero hutaja usukani, shehena na nauli pasipo kukumbuka kwamba maneno hayo ni ya watu wa vyombo. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa motokaa, na nauli ililipwa merikebuni kabla ya kulipwa katika basi.

Siku hizi njia ile ile ya misafara hufuatwa kinyumenyume. Jamaa wengi huvuka Kobero, hupita Ngara, Kahama, Singida na Dodoma hata wakafika Dar es Salaam, na huko huiona bahari. Wako watosheka na kuitazama. Wako pia watamanio kukodi chombo cha tanga pamoja na nahodha wake, wakae majini siku moja au mbili. Jambo hilo si la matajiri peke yao, lakini lina taratibu zake, na asiyezijua aweza kupoteza fedha zake, au kupoteza kilicho kikubwa kuliko fedha.

Sajini mmoja mstaafu, mwenyeji wa Gitega, aliijua bahari kwa macho kabla ya kuijua kwa mwili. Alikuwa miongoni mwa askari wa Burundi waliotumwa Mogadishu, ambako vikosi vya nchi hiyo vilianza kuwasili Desemba 2007 chini ya Umoja wa Afrika. Kwa miezi mingi aliyatazama maji yale kutoka nyuma ya mifuko ya mchanga, bunduki mkononi, asipate ruhusa ya kuyakaribia. Alipostaafu, alimweleza mkewe, mwenye duka la vitenge mjini Muyinga, kwamba kabla watoto hawajatawanyika angependa wapande jahazi pamoja, ili bahari nyumbani kwao iwe habari ya furaha, isiwe habari ya vita tu.

Mama yule hakukataa. Kwa muda wa miaka miwili aliweka kando fedha kidogo kidogo za vitenge, na siku zilipokaribia aliuliza swali moja: “Baba watoto, tutakodi nini hasa?”

Swali hilo ndilo la kwanza kwa kila mtu. Pwani kuna ngalawa, ambayo ni mtumbwi wenye mbao mbili ubavuni za kuuzuia usipinduke. Kuna mashua, kuna jahazi lililo kubwa zaidi, na kuna vyombo vya matanga vya kizungu viitwavyo yoti. Aidha, kuna namna tatu za kuvipata. Mtu aweza kukodi chombo kitupu akakiendesha mwenyewe, na hilo halimfai mtu wa milimani. Aweza kununua nafasi moja katika safari ya watu wengi, akafuata saa yao na njia yao. Au aweza kukodi chombo kizima pamoja na nahodha na mabaharia wake. Familia yenye watoto aghalabu huipenda namna hii ya tatu, kwani chombo huwa chao kwa siku hiyo. Lakini neno “chao” lina mpaka wake, na mpaka huo ndio kiini cha habari hii.

Mama wa Muyinga alikuwa na faida moja. Kaka yake ni dereva wa lori, na yeye mwenyewe amekwisha kukodi malori ya kuleta mali. Alijua kwamba bei itajwayo mwanzo si bei ilipwayo mwisho, kama hujauliza nani anunuaye mafuta na nani awalipaye wapakuzi. Basi akafungua daftari la duka, akaandika maswali yake, akampigia simu mwenye jahazi kule Unguja.

Aliuliza kama bei ni ya chombo kizima au ni ya kila kichwa. Aliuliza kama ndani yake mna chakula na maji ya kunywa, chakula cha mabaharia, ada za kuingia visiwani, na mafuta ya mashine ya akiba, maana majahazi mengi ya kukodi siku hizi yana mashine ya kusaidia upepo unapolala. Aliuliza leseni ya chombo na idadi ya abiria kinaoruhusiwa kuwabeba. Kwa upande wa Tanzania Bara mambo hayo yako chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na kwa Zanzibar yako chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Huko Kenya, anayekodi Lamu au Mombasa atauliza habari za Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Aliuliza kama maboya ya kuvaa yanatosha kila mtu, na kama yako ya kimo cha watoto, kwani boya la mtu mzima humchomoka mtoto aangukapo majini.

Swali la mwisho alilipigia mstari: kama hali ya hewa itakataa, arubuni itarudishwa, itapotea, au siku itasogezwa? Mwenye chombo alijibu kwamba siku itasogezwa, na ikishindikana arubuni itarudishwa. Mama akaomba jibu hilo kwa maandishi, akaletewa katika simu, akalinakili katika daftari. Baadaye mstari huo ulikuwa na thamani kuliko yote.

Sajini yeye alipanga siku kwa kufuata shule. Likizo ndefu ya Burundi huangukia Julai na Agosti. Lakini bahari nayo ina ratiba yake, wala haikuandikwa na wizara. Kuanzia kama Aprili huvuma kusi, upepo utokao kusini, na nguvu zake huzidi kati ya Juni na Agosti. Kuanzia mwisho wa mwaka hata Machi huvuma kaskazi. Baina ya pepo hizo mbili bahari hupoa, ingawa kati ya Machi na Mei kuna mvua za masika. Basi familia iliyofungwa na likizo ya Julai haina budi kujua kwamba imechagua majira ya upepo mkali, na kwamba yafaa iweke siku mbili tatu za akiba mbele ya siku ya kurudi nyumbani.

Vivyo hivyo kuhusu saa. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huko Unguja hukaribia mita 4. Chombo kilichokuwa kikielea alfajiri chaweza kulala ubavu mchangani adhuhuri. Askari aliyezoea kwamba saa moja ni saa moja kamili huona nahodha anababaisha asemapo, “Tutaangalia maji.” Habababaishi. Anasoma saa nyingine.

Asubuhi ya siku iliyopangwa, familia ilifika Forodhani mapema. Watoto walikuwa wamevaa kofia mpya, na mdogo wao amekumbatia kikapu cha chapati. Jua liliwaka, mbingu zilikuwa safi. Nahodha, mtu wa makamo, aliwasalimu kwa heshima, kisha akasema, “Leo hatutoki.” Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, naye mwenyewe alikwisha kuyatazama maji tangu alfajiri.

Sajini alitazama juu, hakuona hata wingu. Mtu wa bara hupima hatari kwa mvua, lakini mtu wa bahari huipima kwa upepo, na upepo waweza kuua chini ya jua zuri. Watoto walianza kulia. Miaka miwili ya akiba na siku nyingi za basi vilikuwa vimesimama pale ufukweni. Sajini akamvuta nahodha kando, akamwahidi nyongeza juu ya bei.

“Mzee wangu,” nahodha akajibu, “fedha yako imekodi chombo. Watoto hawa hukunikodishia, umeniwekea amana.”

Ndipo mkewe alipoingilia kwa upole. “Baba watoto, kule Mogadishu, nani aliyeamua msafara utoke au usitoke?”

“Kamanda wa msafara.”

“Na mwenye mali aliyetaka kusindikizwa, je, aliweza kumlazimisha?”

Sajini hakujibu. Alikipokea kikapu kutoka kwa mtoto, wakarudi walikofikia.

Yafaa ieleweke kwamba nahodha yule hakuwa mkaidi. Neno lenyewe nahodha lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Wazee wa pwani walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sheria ya kimataifa yasema hivyo hivyo kwa lugha yake: Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974, ambao umerekebishwa mara nyingi tangu hapo, unakataza mwenye meli, mwenye kuikodi, au mtu yeyote mwingine kumzuia nahodha kufanya uamuzi anaouona ni wa lazima kwa usalama wa maisha. Mwenye kukodi ametajwa waziwazi, kwani waliotunga walijua kwamba mtu aliyelipa hudhani amenunua na uamuzi.

Na gharama ya kudhani hivyo imekwisha kuonekana Afrika Mashariki. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikafa na mamia ya watu. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba. MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 200. Hivyo vilikuwa vyombo vikubwa vya abiria, si majahazi ya kukodi, lakini vyote vilijazwa kupita kiasi. Palihitajika neno moja, “hapana”, nalo halikusemwa au halikusikilizwa.

Siku mbili baadaye upepo ulipungua, na familia ikaondoka maji yalipofaa, si saa ilipofaa. Mwenye kukodi atarajie mambo haya. Viatu huvuliwa kabla ya kupanda. Kila mtu huonyeshwa mahali pa kukaa, na tanga ligeuzwapo huambiwa ahame, ili uzito usilale upande mmoja. Vichwa huinamishwa, maana foromali, ule mti ubebao tanga, ni mzito. Watoto hawakai ukingoni, na boya halivuliwi kwa sababu ya joto. Kabla ya safari huliwa chakula chepesi; mtu akianza kulewa bahari hutazama mbali, pale maji yanapokutana na mbingu, asitazame chini. Tangawizi husaidia wengine. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko inavyodhaniwa, na nguo kavu zifungwe katika mfuko usioingiza maji. Jahazi dogo aghalabu halina choo. Mama mwenye watoto huuliza mapema.

Binti mdogo alitapika mara mbili, kisha akacheka njia nzima. Huko Changuu waliwaona kobe wakubwa, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Kulikuwa na fungu la mchanga walilokusudia kulitembelea baadaye, lakini nahodha alisema kwamba maji yanajaa, na fungu litafunikwa kabla hawajamaliza kula. Sajini hakuuliza la pili. Aliwaambia watoto warudi chomboni, akamsaidia baharia kuvuta kamba ya nanga. Wakati wa kurudi, mashine ikiwa imezimwa na tanga limejaa, aliweka mkono wake majini, akauacha humo muda mrefu. Mkewe aliona, wala hakusema neno.

Waliposhuka walimpa nahodha na mabaharia bakshishi kwa hiari yao, kama ilivyo desturi ya adabu, na wakalipa bei ile ile iliyoandikwa katika daftari. Siku iliyosogezwa haikuwagharimu arubuni. Iligharimu siku mbili za chakula na malazi, nazo walikwisha kuziwekea akiba.

Kwa hiyo, msomaji mwenye nia ya kukodi chombo na nahodha wake, aandike maswali yote ya Mama wa Muyinga, kisha aongeze moja: amwulize nahodha ni lini mara ya mwisho alikataa kutoka, na kwa sababu gani. Akieleza mwezi, upepo na hali ya maji, huyo ni mtu wa kuwekewa amana. Akijibu kwa majivuno kwamba yeye hajakataa hata siku moja, ashukuriwe kwa heshima, na fedha zibaki mfukoni.