Subira Si Kuficha Maumivu

Mdogo wetu alivunjika muundi karibu na Lusahunga, wilayani Biharamulo, pikipiki yake ilipoteleza pembezoni mwa barabara ya malori yaendayo Rusumo. Alifungwa plasta, tukamrejesha nyumbani Ngara, tukahesabu miezi. Mwezi wa tisa mfupa ulikuwa bado haujaunga. Tukashauriana, tukachanga, tukavuka ziwa pale Busisi kumpeleka Mwanza akapandikizwe mfupa.

Tiba hiyo wengi wetu hatukuijua. Daktari huchukua vipande vidogo vya mfupa kutoka ukingo wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, akavijaza pale palipokataa kuunga, kisha akakaza kwa chuma. Mgonjwa hutoka na vidonda viwili. Na ajabu ni kwamba mara nyingi kile cha nyongani, mahali palipokuwa pazima, ndicho kiumacho zaidi siku mbili tatu za mwanzo. Kukohoa, kujigeuza, hata kujiinua ili atawadhe, vyote huwa mtihani.

Kwa sababu hiyo daktari aliacha mpira mwembamba ndani ya kidonda cha nyonga, ili dawa ya ganzi ipite humo kidogo kidogo usiku na mchana. Penye pampu maalumu, pampu hufanya kazi hiyo. Pale tulipokuwa, muuguzi alikuja na bomba la sindano kila baada ya saa kadhaa.

Usiku wa kwanza alipokuja, mdogo wetu alimwambia, "Sista, siumwi." Hakusema kweli. Jioni ile Baba alikuwa ameketi kando ya kitanda akisimulia kisa cha Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina, aliyekatwa mguu naye amekataa kinywaji cha kumpoteza akili. "Wanangu," alisema, "mja wa Mungu aliyakabili maumivu akimtaja Mola wake. Sisi tutashindwa na kidonda cha nyonga?" Nasi, pamoja na shahada yetu ya chuo na ukatibu wetu wa msikiti, tulinyamaza kwa kumstahi mzee.

Alfajiri tulimkuta mdogo wetu ameng'ata shuka, jasho likimtiririka, anapumua nusu nusu kwa kuogopa kuutikisa ubavu. Isha hakuiswali. Alfajiri nayo alishindwa hata kuinyanyukia.

Hapo ndipo tulipomkabili Baba kwa adabu. "Mzee wetu, Urwa alikataa kitu ambacho kingemwondolea akili na dhikri. Dawa hii haiigusi akili. Inafisha ganzi mahali pamoja tu. Kinachomwondolea swala kijana huyu ni maumivu." Baba aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Mwiteni muuguzi."

Haikupita nusu saa, uso wa mgonjwa ukakunjuka. Akatawadha, akapangusa juu ya bandeji ya mguu, akaswali kwa kuketi, akalipa na Isha iliyompita. Tangu hapo Baba ndiye aliyekuwa akiitazama saa na kuuliza zamu ya dawa.

Tumeandika haya kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zina kosa letu. Mgonjwa husifiwa kwa kunyamaza, naye akanyamaza hata anapodhurika. Asiyeweza kuvuta pumzi kwa kina wala kujigeuza huchelewa kupata nafuu. Ganzi ya namna hii hupunguza pia haja ya mofini, ambayo huweza kuleta kichefuchefu, usingizi na choo kigumu, ingawa vidonge vya maumivu alivyoandikiwa na daktari bado huvimeza.

Walakini dawa ni amana. Mgonjwa akisikia mlio masikioni, midomo au ulimi kufa ganzi, au misuli kurukaruka, muuguzi aitwe papo hapo, kwani huenda dawa imezidi mwilini. Mpira usivutwe na jamaa, na wekundu au usaha usifichwe. Na kabla ya upasuaji, familia imuulize daktari waziwazi: maumivu yatatulizwaje usiku wa kwanza?

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba. Subira ya mdogo wetu haikupungua kwa ganzi ile. Ilibakia kwa miezi ya magongo iliyofuata. Allah awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.