Baada ya Kujinyima

Mimi ni fundi cherehani. Kwa zaidi ya miaka 20 nimeshona nguo kwenye baraza moja kando ya Barabara ya Mukendo, mjini Musoma, na muda wote huo futi kamba imening'inia shingoni mwangu. Kazi hii humfundisha mtu mengi kuhusu miili ya wenzake. Bibi harusi hubana tumbo anapopimwa. Mama aliyejifungua juzi huniomba nisibane sana, kwani hajui atapungua lini. Mzee huleta suruali ya ujana wake ipanuliwe kiuno, naye husema kwamba ni kitambaa kilichonywea.

Fundi anayejua kazi huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Mwili wa binadamu hubadilika, na nguo isiyo na akiba haina pa kwenda. Mwaka 2019 nilichukua mkasi nikakata akiba yote katika magauni yangu manne. Nilijiapiza kwamba sitaihitaji tena. Leo nataka kukusimulia, ndugu msomaji, jinsi nilivyokuja kuihitaji.

Yalianza Januari 2018. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya maumivu ya kichwa, nikatoka na habari kwamba presha yangu iko juu na sukari inakaribia mpaka. Mizani ilionyesha kilo 93. Daktari alinipa dawa za presha, akanishauri nipungue polepole hadi kwenye kilo 70 hivi. Sikuhitaji kubembelezwa. Mama yangu mzazi alikufa kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 58, na mimi ndiye niliyemnywesha uji kwa kijiko katika miezi yake ya mwisho.

Niliacha soda. Niliacha maandazi ya asubuhi na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Ugali niliupunguza ukawa wa ukubwa wa ngumi yangu, na samaki nikala wa kuchemsha badala ya wa kukaanga. Kila alfajiri nilitembea hadi Mwigobero, nikaangalia wavuvi wakishusha dagaa, kisha nikapandisha kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Machi 2019 nilikuwa na kilo 69. Daktari alifurahi. Wateja wangu walinizunguka kama bibi harusi. Kila aliyepita barazani aliuliza, "Fundi, umefanyaje?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Sasa utafanyaje?"

Hilo ndilo jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kujinyima kuna utamu wake. Unapanda mizani, namba imeshuka, moyo unaruka. Wiki ijayo tena. Ukifika ulikokuwa unakwenda, sherehe inaisha. Hakuna anayepigiwa vigelegele kwa sababu uzito wake wa leo ni uleule wa mwezi uliopita. Nami nilikuwa nimejifunza somo moja tu, kupunguza. Nilikuwa kama dereva aliyefundishwa kupiga gia bila kuonyeshwa breki.

Nilijaribu. Wiki ya kwanza baada ya kufika kilo 69 nilirudisha chapati moja ya asubuhi, na mchana nikaongeza ugali. Siku ya Jumamosi nilimpa hela kijana anayepita barabarani na mizani ya kupimia watu. Kilo 71! Kilo mbili katika siku saba. Nilimwona mama yangu kitandani. Jioni hiyo sikula, na Jumatatu nikayakata yale magauni.

Sikujua wakati ule jambo ambalo nililielewa baadaye. Mwili huhifadhi wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Anayejinyima muda mrefu huimaliza akiba hiyo. Akirudi kula, mwili hujaza ghala lake kwanza, wanga pamoja na maji yake, na mizani hupanda kwa haraka kisha ikatulia. Kilo zangu mbili zilikuwa maji zaidi ya mafuta. Mimi nilizisoma kama hukumu.

Nyumbani tulikuwa watano: mume wangu, watoto watatu, na mimi. Unga niliupima kwa kopo, kopo moja kwa kila mtu. Kuanzia siku ile nilipima makopo manne. Nikasonga ugali wa watu wanne, tukakaa watu watano. Mimi nilichovya tonge mbili katika mchuzi, nikajifanya nimeitwa na mteja.

Uzito uliendelea kushuka. Kilo 65, kilo 61, na Novemba 57. Kwa mwanamke wa kimo changu, chati ya hospitali isingenilaumu kwa kilo 57. Lakini chati haikuwa inaishi ndani ya ngozi yangu. Nilisikia baridi katika mji ambao jua lake huwakausha dagaa mchana mmoja. Nywele zilibaki kwenye kitana. Hedhi ilikoma, nami bado sikuwa wa umri wa kukoma. Nikisimama ghafla kutoka kwenye cherehani, ukuta wa baraza ulizunguka.

Na akili yangu yote ilikuwa chakula. Nilimkodolea macho mama ntilie wa jirani akigeuza vitumbua. Niliwapikia watoto pilau katikati ya wiki bila sababu, nikaketi kuwatazama wakila, nikihesabu kila kijiko kilichoingia midomoni mwao. Usiku niliota nyama choma. Niliona aibu, nikadhani nimekuwa na uroho.

Mpwa wangu anayesomea uuguzi ndiye aliyeniondolea aibu hiyo. Alinisimulia habari za vijana 36 wa Marekani waliojitolea, mwishoni mwa 1944, kushiriki katika utafiti wa njaa chini ya mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Vita ilikuwa inaelekea ukingoni, na watu walitaka kujua namna ya kuwalisha wenye njaa wa Ulaya. Vijana wale, wenye afya na akili timamu, walipewa kwa wiki 24 takriban nusu ya chakula walichokizoea, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kusoma vitabu vya mapishi. Wakalamba sahani. Wakaota chakula. Na waliporuhusiwa kula zaidi, njaa haikuwaacha mara moja. Wengine walikula mpaka tumbo likajaa, na bado hawakuridhika. "Kwa hiyo, mama mdogo," aliniambia, "huo si uroho. Ni mwili unaokupigia kelele."

Nilimjibu kwamba nimesikia pia habari nyingine. Ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 14 waliopungua sana katika shindano la televisheni. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilitumia takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Je, nisiogope? Akakiri kwamba hofu yangu haikuwa ya kijinga kabisa. Mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo kuliko zamani. Akaongeza: "Lakini kidogo kuliko zamani si sawa na kidogo kuliko unachohitaji leo."

Nilimsikia, sikumtii. Walionigeuza walikuwa wawili, bibi na mjukuu.

Desemba ile mama mkwe alikuja kutoka Majita na mfuko wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama, na dagaa wakavu wa kutosha mwezi mzima. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliitikia, kisha akaushika mkono wangu juu ya kiwiko, akauzungusha vidole vyake, akanyamaza. Usiku niliwasikia yeye na mume wangu wakinong'ona uani. Alikuwa akiuliza kama nimepimwa.

Huwezi kumlaumu. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria tuna kumbukumbu yetu kuhusu wembamba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa hili, mwaka 1983, na Uganda watu waliuita ugonjwa huo Slim, yaani mwembamba. Mama mkwe alizika watoto wawili katika miaka iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida. Mkono mwembamba kwake si urembo.

Asubuhi nilimweleza kila kitu, presha, mizani, kiharusi cha mama yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanisimulia njaa ya 1974, jinsi walivyochimba mizizi, na jinsi unga wa mahindi ya njano, ule ambao watu waliuita unga wa Yanga, ulivyopokewa kama zawadi baadaye. "Mwanangu," alisema, "njaa ya kuletwa na jua naijua. Hii ya kujipikia mwenyewe ndiyo naiona kwako."

Maneno hayo yaliniuma, lakini hata hayo ningeyameza. Mchana tulipokaa kula, binti yangu wa miaka 13 alimega tonge mbili, akanawa. Bibi yake akamuuliza kama anaumwa. "Hapana, bibi," akajibu, "nimekula kama mama."

Sikupata la kusema. Nilikuwa nimefikiri kwamba kopo lile la tano ni langu peke yangu.

Wiki hiyo nilirudi hospitali. Daktari alinipima presha nikiwa nimekaa, akanipima tena nikiwa nimesimama, akatikisa kichwa. Vidonge vilivyopangwa kwa mwanamke wa kilo 93 vilikuwa vinamwangusha mwanamke wa kilo 57. Akapunguza dozi. Kisha akanipa kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Niongeze chakula kidogo, nikae na nyongeza hiyo wiki mbili, kisha niongeze tena, hadi uzito ufike mahali mwili unapofanya kazi zake zote bila kulalamika, na hapo niukalishe. Nijipime mara moja kwa wiki, nitazame mwezi mzima, si siku moja.

Nyongeza yenyewe ilikuwa vitu vya jikoni. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta katika mboga, ambacho ni kilokalori 120 hivi. Ndizi mbivu moja saa nne, karibu 100. Karanga za kiganja kimoja, takriban 170. Ugali wa ngumi moja ukawa wa ngumi moja na nusu. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kilokalori 360 hivi, kwa hiyo hata nusu ngumi ina maana. Mboga za majani na samaki sikuvipunguza, soda sikuirudisha, na matembezi ya Mwigobero yaliendelea.

Vitu vidogo, lakini nilivila kwa machozi. Sitanii. Wiki ya kwanza uzito uliruka kilo moja na nusu, na mkono wangu ulitaka kurudisha kopo. Mama mkwe, aliyekuwa ameahirisha safari yake bila kutoa sababu, alikaa kwenye kigoda akinitazama nikipima unga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, pamoja na lake. Hakusema neno. Tulipoketi alilisogeza bakuli la dagaa upande wangu, akaendelea kula.

Wiki ya pili uzito ulitulia. Mwezi wa tatu kizunguzungu kilikwisha. Mwezi wa tano hedhi ilirudi. Njaa ya kichwani ndiyo iliyokawia kuliko yote. Nilikuwa nashiba tumboni na bado nawaza vitumbua. Kisha siku moja, sikumbuki ni ipi, nilishona kuanzia asubuhi hadi saa saba bila kuwaza chakula, na nilipoitwa kula nilishangaa kwamba muda umefika.

Tangu katikati ya mwaka 2020 nimekaa kati ya kilo 65 na 68. Presha imetulia kwa dozi ndogo. Kuna miezi ninayopanda, hasa ya sikukuu, nami hupunguza kidogo bila kelele. Kuna miezi ninayoshuka kwa wingi wa kazi, nami huongeza. Daktari aliniambia kila mtu ana kiasi chake, na mwenye sukari, figo au ujauzito asichukue cha mwenzake. Kwa hiyo usichukue namba zangu, msomaji. Chukua swali ambalo sikuulizwa, na umuulize ndugu yako anayepongezwa kwa kupungua: sasa utakulaje?

Binti yangu ni mtu mzima sasa, anasoma mbali. Akija likizo simtazami sahani. Natega sikio tu, nisikie kama anaomba kuongezewa mboga, na mara nyingi huomba.

Yale magauni manne yalinishinda. Hayakuwa na akiba ya kupanuliwa, kwa hiyo niliyafumua nikatengeneza foronya. Magauni ninayoyavaa leo nimeyaachia sentimita tatu kila upande, kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayeona ila fundi.