Gasketi ya nne

Wadau, samahani kwa kupotea. Nilikuwa chini ya gari. Mara tatu fundi hapa Gongoni alibadilisha gasketi baina ya tabo na bomba la ekzosi, mara tatu ikavuja. Mwanangu akawa anaumwa kichwa kila tukienda Malindi, nikaogopa: kaboni monoksidi haina harufu.

Injini ikiwa baridi, tukapuliza hewa ndani ya ekzosi na kupaka maji ya sabuni. Mapovu yakatoka palepale kwenye gasketi. Ila nyuma zaidi, kishikizo cha bomba kilikuwa kimeliwa na kutu (chumvi ya huku haina huruma), bomba zima likaielemea gasketi. Kumbe nilikuwa natibu dalili, nami ndiye huwakemea wenzangu kwenye programu!

Tukachomelea kishikizo kipya, tukatia gasketi ya nne. Miezi minne haijavuja. Mwanangu bado hufungua dirisha.